Kuchuja na Kutafuta katika Vielelezo vya Molekuli Kubwa: Maneno ya Kinu cha Alizeti na Kazi ya Kompyuta

Makala haya yahusu kazi moja ya kompyuta ambayo wataalamu wa kemia na dawa huifanya kila siku, nayo ni kutafuta sehemu chache zitakiwazo ndani ya kielelezo cha molekuli kubwa, na kuziweka kando zile zisizotakiwa. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza kazi hiyo yatuhusu nini sisi tunaoshughulika na lugha. Jibu ni kwamba kazi yenyewe hufanywa kwa lugha. Mtafiti haishiki atomu kwa kidole. Huandika sentensi, na programu huitii sentensi hiyo kama ilivyoandikwa, wala si kama alivyokusudia mwandikaji. Tena, kazi hiyo inapoelezwa kwa Kiswahili, kitenzi kimoja, "kuchuja", hubebeshwa mzigo wa vitenzi vinne au vitano. Nadhani mzigo huo ni mkubwa mno, na ya kuwa wenye kuumizwa nao ni wanafunzi.

Kwanza tutazame vitenzi vyenyewe mahali vinapofanya kazi yake ya asili. Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, wasifika kwa kilimo cha alizeti. Mwenye kusafiri kwa barabara kutoka Manyoni kupita Ikungi na mji wa Singida hadi Iramba huona chupa na madumu ya mafuta yamepangwa kandokando ya njia. Vichwa vya alizeti vikishakauka hupigwa ili mbegu zitoke. Mbegu hupepetwa kwa upepo, na makapi, kwa kuwa ni mepesi, huruka. Kisha huweza kuchekechwa, ili mchanga upite katika matundu ya chekeche na mbegu zibaki juu. Vijiwe vilivyo sawa na mbegu kwa ukubwa haviondoki kwa upepo wala kwa chekeche. Hivyo hapana budi kuvichambua kwa mkono, kimoja kimoja, kwa jicho la mtu ajuaye tofauti ya jiwe na mbegu. Ndipo mbegu zikakamuliwa. Mafuta huachwa yatuame, halafu huchujwa, na mashapo hubaki katika kitambaa. Mashudu hulishwa mifugo.

Vitenzi hivi si visawe. Kupepeta hutenga kwa uzito. Kuchekecha hutenga kwa ukubwa, tena bila kupendelea upande wowote, maana mara nyingine tutakacho ni kile kilichopita chini, kama unga, na mara nyingine ni kile kilichobaki juu. Kuchambua hutaka maarifa. Kuchuja hutaka kitu cha majimaji, na kina matarajio yake: kilichopita ndicho chema, kilichobaki ni takataka. Lakini vyote vina jambo moja. Kazi ikiisha, pana vyombo viwili, na kilichoondolewa hakimo tena katika chombo cha kwanza. Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo linaloleta matata katika kompyuta.

Sasa tuingie ndani ya mbegu yenyewe. Mwaka 1999 S. Luckett na wenzake walitoa maelezo ya umbo la molekuli ndogo ya protini iliyopatikana katika mbegu za alizeti. Molekuli hiyo, iitwayo SFTI-1, huzuia tripsini, yaani kimeng'enya kitokacho katika kongosho, ambacho kazi yake ni kukata protini za chakula. Ina asidi amino 14 tu, nazo zimefungamana kuwa pete kamili. Tena katikati ya pete pamewekwa daraja la salfa kati ya sisteini ya 3 na sisteini ya 11. Umbo lake lilionekana kwa njia ya miali ya eksirei, likiwa limeshikamana na tripsini ya ng'ombe, na kielelezo chake kimewekwa katika hifadhi ya kimataifa iitwayo Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971 nchini Marekani, kwa alama 1SFI. Hifadhi hiyo ilivuka vielelezo 200,000 mwaka 2023.

Kielelezo cha namna hii ni orodha. Kila mstari ni atomu moja: jina lake, jina la asidi amino iliyomo, mnyororo wake, namba yake, na vipimo vitatu vya mahali ilipo angani. Kizuizi cha alizeti, ukiacha hidrojeni, kina atomu 105. Tripsini ya ng'ombe ina asidi amino 223, na atomu zake, bila hidrojeni, ni kama 1,600. Juu ya hizo huongezwa oksijeni za molekuli za maji zilizoonekana pamoja na protini. Yote hayo ni madogo. Mwaka 2014 ulitolewa ufafanuzi wa ribosomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ikiwa imeshikamana na dawa ya emetini. Kitu hicho ni mkusanyiko wa minyororo ya RNA na protini makumi kadhaa. Umbo la zamani la faili za hifadhi lilikuwa na nafasi tano tu za tarakimu kwa namba ya atomu, kwa hiyo halikuweza kupita 99,999, na herufi moja tu kwa jina la mnyororo. Ilibidi vielelezo vikubwa vikatwe vipande katika faili mbalimbali, mpaka mwaka 2014 umbo jipya liitwalo mmCIF lilipofanywa kuwa kawaida ya hifadhi. Mtu aliyekuwa akitafuta kitu katika kipande kimoja cha ribosomu, naye asijue kwamba vipo vipande vingine, alipata jibu la kweli kwa swali ambalo hakuuliza.

Tuseme basi mwanafunzi yuko mbele ya kioo cha kompyuta, na mwalimu amwambia, "Chuja maji." Anafanya nini? Katika programu kama PyMOL, iliyotolewa na Warren DeLano mwaka 2000, zipo amri tatu zinazofanana machoni lakini si moja. Ya kwanza huweka alama juu ya atomu za maji na kuzipa jina, basi. Ya pili huzificha: hazionekani kiooni, lakini zimo katika kielelezo, na hesabu yoyote itakayofanywa baadaye yaweza kuzihesabu. Ya tatu huzifuta kabisa katika kielelezo kilichofunguliwa. Mwanafunzi aliyelelewa na neno "kuchuja" huona kioo kimekuwa cheupe, akaamini kwamba chombo cha pili kipo na maji yamo humo. Kumbe hakuna chombo cha pili. Ni kama mtu aliyefunika mashapo kwa kitambaa akasema ameyachuja.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Katika vizuizi vya tripsini ambavyo neno lao kuu ni lisini, kama alivyo huyu wa alizeti kwa lisini yake ya 5, mkono wa lisini huingia katika mfuko wa tripsini ili kuelekea asidi aspatiki ya 189 iliyo chini ya mfuko. Lisini ni fupi kidogo kuliko arginini, kwa hiyo kwa kawaida huifikia asidi hiyo kwa kupitia molekuli ya maji iliyokaa katikati. Maji hayo ni mshenga. Anayetii amri ya "kuchuja maji" kwa kufuta maji yote amemfukuza mshenga, kisha hushangaa mbona pande mbili hazizungumzi. Makosa hayo hayaonekani kwa macho, maana picha iliyobaki ni nzuri, tena safi.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba katika kufundisha tuwe na maneno yaliyotengana. Kuweka alama tuite "kuteua", kwa kuwa mwenye kuteuliwa hahamishwi mahali pake kwa kuteuliwa tu. Kutoonyesha tuite "kuficha", neno ambalo kila mtoto ajua kwamba kilichofichwa kipo. Kufanya nakala ya sehemu fulani na kuiweka peke yake tuite "kutenga". Kufuta tuite "kufuta", wala tusione haya kwa wepesi wa neno. Istilahi za sayansi zimekwisha shughulikiwa kwa uangalifu, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa. Lakini programu hizi zilienea baadaye, na maneno ya amri ni jambo jingine kuliko majina ya vitu. Jina likikosewa, msomaji hukwama. Amri ikikosewa, kazi huendelea, nayo yaenda upande usiokusudiwa.

"Kuchekecha" je? Neno hili lina mahali pake penye haki. Wataalamu wa kubuni dawa huwa na maghala ya molekuli ndogo, kwa maelfu na mamilioni, na kabla ya kuzijaribu moja moja hupitisha ghala zima katika kanuni za ukubwa na tabia. Kanuni mashuhuri kuliko zote ni ile ya Christopher Lipinski na wenzake ya mwaka 1997, isemayo, pamoja na mambo mengine, kwamba dawa ya kumezwa haielekei kupenya vema mwilini ikiwa uzito wake wa molekuli umepita 500. Hicho ni chekeche hasa: matundu ya kipimo kimoja, na visivyopita hubaki juu. Yafaa kutaja hapa kwamba molekuli ya alizeti ina uzito wa kama 1,514. Chekeche la Lipinski lingeiacha juu pamoja na mawe. Hata hivyo wabunifu waliichambua kwa mkono, kwa kuwa pete yake ni imara na lisini yake yaweza kubadilishwa pamoja na jirani zake. Mwaka 2009 watafiti wa Queensland, Australia, walieleza namna walivyoigeuza ili izuie kimeng'enya kingine, KLK4, kinachohusishwa na saratani ya tezi dume. Sisemi kwamba kanuni ni mbaya. Ilihusu dawa za kumezwa, na chekeche halina hatia likitumiwa kwa nafaka isiyo yake.

Sasa nafika kwenye jambo linalonivutia zaidi kama mwanaisimu, nalo ni kiunganishi. Mtu akisema, "Nionyeshe atomu zilizo katika mnyororo A na mnyororo B," kila Mswahili huelewa kwamba ataka minyororo yote miwili, tuseme tripsini na kizuizi chake. Programu ikiandikiwa kiunganishi chenye maana hiyo ya "na" hurudisha kapu tupu. Wanafunzi husema programu imeharibika. Haikuharibika, imesikia sentensi nyingine. Programu hailitazami kundi. Huiendea kila atomu peke yake na kuiuliza: Je, wewe u katika A, na tena u katika B? Hakuna atomu iliyomo katika minyororo miwili, basi hakuna itikayo.

Watu wa lugha nyingine hulieleza jambo hili kwa michoro ya miduara miwili iliyopandana. Sisi hatuna haja ya miduara, kwa kuwa upatanisho wa ngeli umekwisha tufanyia kazi. Nomino "atomu" haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Tofauti yote huchukuliwa na viambishi. Tazama: "atomu zilizo katika A na katika B" ni kundi la atomu, baadhi huku na baadhi kule, na maana yake ni jumla ya minyororo miwili. Lakini "atomu iliyo katika A na katika B" ni atomu moja iliyo mahali pawili, na mara moja sikio lakataa. Kiunganishi ni kile kile. Kilichobadilika ni "zi" kuwa "i". Kwa hiyo kanuni ya kufundishia yaweza kuwa fupi sana: sentensi ya kutafutia isemwe kwanza katika umoja. Mwenye kusema katika umoja atajikuta mwenyewe analazimika kutamka, "atomu iliyo katika A au iliyo katika B", na hiyo ndiyo amri sahihi. Naona hapa sarufi yetu yatoa msaada ambao lugha zisizo na viambishi vya namna hii hazina.

Msaada wa namna hiyo wapatikana pia katika ukanushi. Amri yenye maana ya "si maji au hidrojeni", isipotiwa mabano, programu nyingi huisoma hivi: kile kisicho maji, au kile kilicho hidrojeni, basi hidrojeni za maji huingia kwa mlango wa nyuma. Kiswahili kina "wala", neno libebalo ukanushi wake lenyewe: "atomu isiyo ya maji wala ya hidrojeni." Hakuna mabano yanayohitajika. Mwanafunzi afasiri "wala" kuwa "na si", naye hatakosea.

Kutafuta kwa jirani ni somo jingine. Mara nyingi mtafiti hataki mnyororo, ataka ujirani: asidi amino zote za tripsini zilizo karibu na lisini ya kizuizi, tuseme katika umbali wa angstromu 5, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Hapa pana maswali mawili ambayo lugha ya kawaida huyapita haraka. Je, mwenye nyumba ni katika majirani zake? PyMOL ina maneno mawili tofauti, moja lirudishalo majirani peke yao, na jingine lirudishalo majirani pamoja na mwenye nyumba. Swali la pili ni kama jirani aliyeingiza mguu mmoja tu ndani ya mpaka ahesabiwe mzima. Atomu mbili za asidi amino zaweza kuwa ndani ya umbali na sita zikawa nje. Asipoagiza kwamba kila asidi amino iliyoguswa ichukuliwe nzima, mtafiti hupata vidole visivyo na mikono.

Kazi hii ya ujirani ndiyo hasa huielemea kompyuta kielelezo kinapokuwa kikubwa. Katika atomu 100,000 pana jozi karibu bilioni 5, na kupima umbali wa kila jozi ni kupoteza wakati. Kwa hiyo programu hugawanya anga la molekuli katika visanduku vidogo vilivyo sawa, na kila atomu huandikwa katika kisanduku chake. Ikiulizwa majirani wa atomu moja, programu hutazama kisanduku chake na vile 26 vinavyokizunguka, basi, mradi upana wa kisanduku usiwe mdogo kuliko umbali ulioulizwa. Mtu atafutaye jirani wa mzee fulani wa Mkalama haanzi kubisha hodi Manyoni. Huenda katika kijiji cha mzee na vijiji vinavyopakana nacho. Ndiyo maana swali la umbali wa angstromu 5 hujibiwa upesi, na swali la umbali wa 50 huweza kuifanya kompyuta ipumue kwa shida.

Namba nazo hudanganya. Tripsini ina asidi amino 223, lakini katika kielelezo chake namba huanza 16 na kuishia 245. Sababu ni kwamba vimeng'enya vya ukoo huu vyote huhesabiwa kwa kufuata kimotripsini, ili serini ifanyayo kazi ya kukata iitwe 195 katika ndugu wote, kama vile mitaala hupanga mashairi kwa bahari na si kwa kurasa. Kwa hiyo zipo namba zilizorukwa, na zipo zilizoongezewa herufi, kama 184A. Anayetafuta "asidi amino ya 195" kwa kuhesabu kuanzia mwanzo wa mnyororo hufika pengine kabisa. Na anayetafuta hidrojeni katika kielelezo kilichotokana na miali ya eksirei mara nyingi haoni hata moja, kwa kuwa miali hiyo huziona kwa shida na huachwa bila kuandikwa. Programu husema sifuri. Sifuri hiyo ni habari ya orodha, si habari ya alizeti.

Neno la mwisho ni juu ya kutafuta kwa mfuatano. Asidi amino huandikwa kwa herufi moja moja, na kizuizi cha alizeti huandikwa GRCTKSIPPICFPD. Tukiiambia programu itafute mfuatano PDGR, husema haupo. Lakini upo. Molekuli ni pete: D ya mwisho imeshikana na G ya kwanza, na kuiita moja "ya kwanza" ni makubaliano ya waandishi tu. Maandishi yetu huenda kwa mstari, nayo pete haina mstari. Dawa yake ni rahisi: mfuatano uandikwe mara mbili mfululizo, GRCTKSIPPICFPDGRCTKSIPPICFPD, kisha utafutwe humo, na PDGR itaonekana katikati. Katika mmea wenyewe, hata hivyo, mstari ndio uliotangulia. Mwaka 2011 Joshua Mylne na wenzake walionyesha kwamba asidi amino hizo 14 zimo ndani ya jeni ya protini nyingine kabisa, albumini ya akiba ya mbegu. Kimeng'enya hukikata kipande hicho kutoka katika protini ndefu, na ncha zake mbili huunganishwa kuwa pete. Aliyekuwa akitafuta jeni ya peke yake ya kizuizi hiki asingeipata, maana haipo. Ilimpasa atafute sentensi ndogo ndani ya sentensi kubwa iliyokwisha kupewa jina jingine.